Alfajiri ya Obunga: Dakika Kumi na Mbili Zatoka Wapi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeupishanisha usiku na mchana na akavifanya viwe alama kwa wenye kuzingatia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu watukufu, akina mama na mabinti wa nyumba zetu, wiki hii nimechagua kulijibu swali lililotufikia kutoka mbali kidogo na pwani yetu. Mwenye kuuliza ni binti wa Mombasa aliyeolewa Kisumu, naye anakaa mtaa wa Obunga, kaskazini ya mji ule. Obunga ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, na wanawake wake wanajulikana kwa kazi ya mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa mnofu. Huinunua, wakaikaanga na kuiuza. Ni kazi ya halali na ya jasho, na mwenye kuifanya hana nafasi ya kupoteza wakati asubuhi.

Swali lake ni hili. Tarehe 21 Machi alikuwa na ratiba tatu za alfajiri mbele yake. Ratiba ya ukutani aliyopigiwa picha na mama yake Mombasa ilionyesha saa 11:16. Simu ya mumewe ilionyesha saa 11:36. Simu yake yeye ilionyesha saa 11:48. Damu ya hedhi ilikuwa imemkatika saa 11:40. Anauliza: "Sheikh wetu, je, nilitwahirika usiku au mchana? Saumu ya siku ile ni yangu au ninaidaiwa? Na swala za magharibi na isha za usiku ule, je, zinanilazimu?"

Tazameni, ndugu zangu, jinsi dakika chache zinavyobeba mambo makubwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mwanamke akitwahirika kabla ya alfajiri, hata kwa muda mfupi, saumu ya siku hiyo inamlazimu, na anatakiwa aswali isha pamoja na magharibi ya usiku huo. Akitwahirika baada ya alfajiri, hana deni la swala hizo mbili, lakini siku hiyo hailipi faradhi ya saumu, ataifunga baadaye. Basi hatuwezi kumjibu binti huyu mpaka tujue dakika hizo zatoka wapi.

Tuanze na ratiba ya Mombasa, kwa sababu kosa lake ndilo kubwa na ndilo jepesi kulifahamu. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa kila dakika 4. Mombasa ipo mashariki ya Kisumu kwa takriban digrii 5. Kwa hiyo alfajiri huifikia Mombasa kwanza, kisha Kisumu baada ya kama dakika 20. Saa za Kenya ni zile zile nchi nzima, lakini jua halifuati saa za serikali. Hata Nairobi, ambayo adhana zake husikika katika televisheni na redio kote nchini, hutangulia Kisumu kwa dakika 8 hivi.

Tena tofauti hiyo haikai mahali pamoja mwaka mzima. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na Mombasa iko digrii 4 kusini yake. Ifikapo tarehe 21 Juni, jua huzama Mombasa yapata saa 12:20 jioni, na Kisumu yapata saa 12:47. Hizo ni dakika 27. Mwezi wa Desemba tofauti ya kuzama hupungua ikawa kama dakika 13. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa akiongeza dakika 20 katika ratiba ya Mombasa amemaliza kazi.

Fikirini sasa hatari yake. Mwenye kuacha kula daku Kisumu kwa saa ya Mombasa amejinyima dakika 20 za chakula, na saumu yake haina neno. Lakini akisimama kuswali alfajiri kwa saa hiyo hiyo, ameswali kabla ya wakati, na swala kabla ya wakati wake haisihi. Na akifuturu kwa kuwa dada yake amempigia simu kutoka Mji wa Kale kumwambia "sisi tumeshafuturu," basi amekula mchana. Kila mtu hufuata upeo wa macho wa mahali alipo.

Zimebaki dakika 12 baina ya simu ya mume na simu ya mke, nao wamelala chumba kimoja. Hapa mahali ni pamoja, basi tofauti haitoki katika mahali. Inatoka katika swali ambalo wanavyuoni wa falaki wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka elfu: jua likiwa chini ya upeo wa macho kwa kiasi gani, ndipo mwanga wake wa kwanza huonekana?

Qur'ani Tukufu, katika aya ya 187 ya Suratul Baqara, imetupa mfano wa uzi mweupe na uzi mweusi. Sahaba Adiyy bin Hatim aliuchukua mfano huo kwa nyuzi hasa, akaziweka chini ya mto wake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamfahamisha kuwa makusudio ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Tukafundishwa pia kuwa alfajiri ni mbili. Ya uwongo ni nuru inayosimama wima mithili ya mkia wa mbwa mwitu, kisha giza hurudi. Ya kweli ni nuru inayotanda kwa upana juu ya upeo wa mashariki, nayo haipungui tena. Hakuna digrii iliyotajwa. Alama ni mwanga, na digrii zilikuja baadaye ili watu waweze kuukisia mwanga huo kwa hesabu.

Al-Biruni, katika karne ya 11, alitaja digrii 18. Ibn Muadh wa Andalusia, katika karne hiyo hiyo, aliandika kitabu kizima juu ya utusitusi wa alfajiri na jioni, akakitumia kiasi kinachokaribia hicho kukadiria kimo cha hewa inayoizunguka dunia. Nchini Misri na Shamu zilitumika sana digrii 19 kwa alfajiri na 17 kwa isha. Miongoni mwa watu wa fani hiyo alikuwa Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, ambaye kazi yake katika Msikiti wa Umawiyya wa Damascus ilikuwa kuzisimamia nyakati za swala. Hawa walikuwa watu wa kutazama mbingu kwa macho yao, na bado hawakukubaliana juu ya digrii moja. Kwa nini?

Jibu lake limewekwa wazi zaidi na wanafalaki wa leo. Kule Chile, katika mlima wa Cerro Pachón, kimejengwa kituo kikubwa cha kutazamia nyota kiitwacho Vera C. Rubin. Kabla hakijaanza kazi yake ya kupiga picha anga kwa miaka 10, wataalamu wake walitengeneza programu za kompyuta za kuiga usiku baada ya usiku, ili wajue ni wakati gani anga litakuwa jeusi kiasi cha kuonyesha nyota hafifu. Iliwabidi wakokotoe mwanga wa anga kwa kila hali: mwanga wa mwezi, mwanga wa nyota, mng'ao hafifu wa hewa ya juu, na mwanga wa utusitusi wakati jua liko chini. Makusudio yao ni mengine, lakini swali lao ni lile lile la muadhini: giza linaishia wapi?

Hesabu hiyo ina sehemu tatu, na ni vizuri tuzijue.

Sehemu ya kwanza ni mahali lilipo jua. Hii haina ubishi. Hujulikana kwa usahihi mkubwa miaka mingi kabla.

Sehemu ya pili ni namna hewa inavyoutawanya mwanga. Jua likishazama kwetu, bado huimulika hewa iliyo juu yetu, nayo hututupia mwanga. Kadiri jua linavyoshuka, kivuli cha dunia hupanda juu, na hewa inayobaki kumulikwa huwa nyembamba zaidi. Anga likiwa safi bila mwezi, jua likiwa digrii 6 chini ya upeo, mwanga unaofika ardhini ni kama luksi 3.4. Kwa kulinganisha, mwezi mpevu ukiwa juu hutoa kama robo ya luksi. Likifika digrii 12, mwanga huwa luksi 0.008 tu, umepungua zaidi ya mara 400. Likifika digrii 18 huwa kama luksi 0.0006, yaani umepungua mara 13 hivi tena.

Zingatieni mwendo huo. Baina ya digrii 6 na 12 mwanga hubadilika kwa kasi, na hata mtoto huona. Baina ya 12 na 18 mabadiliko ni ya polepole, na yanapokaribia 18 ni ya kunyemelea. Alfajiri haiji kama taa inayowashwa kwa kidole. Huja kama maziwa yanayotiwa tone kwa tone katika kahawa nyeusi: weupe umo tangu tone la kwanza, lakini macho hayakubaliani ni tone la ngapi lililoibadilisha rangi.

Sehemu ya tatu ni mwanga uliopo tayari usiku, kabla jua halijachangia chochote. Alfajiri huonekana pale mwanga wa jua unapouzidi mwanga huo. Jangwani, bila mwezi, mwanga wa usiku ni mdogo mno, na jicho huikamata alfajiri mapema. Mahali penye mwezi, vumbi, ukungu au taa, alfajiri hiyo hiyo huchelewa kuonekana, ingawa jua liko pale pale. Ndiyo sababu watazamaji wawili wakweli hupata digrii mbili mbalimbali.

Hata ile alfajiri ya uwongo imefahamika. Ni mwanga wa jua unaorudishwa na vumbi lililotawanyika angani baina ya sayari. Wanafalaki huuita mwanga wa zodiaki. Karibu na ikweta husimama karibu wima na huonekana vizuri, maadamu mahali hapo ni penye giza la kweli.

Sasa rudini nami Obunga. Binti yetu akifungua dirisha kutazama mashariki, ataona nini? Miji ya Kenya imewekewa taa za mlingoti mrefu ambazo watu huziita mulika mwizi, na mwanga wa mji mzima wa Kisumu umetanda hewani. Uko pia moshi wa majiko, na unyevu wa ziwa unaoleta mawingu. Upande wa mashariki iko miteremko ya Nandi inayoziba sehemu ya chini ya anga, pale hasa alfajiri inapoanzia. Upande wa magharibi, ziwani, wavuvi wa omena huwasha taa katika usiku usio na mwezi, na ziwa huwa kama mji. Kwa hiyo asiseme mtu wa Obunga, "nimetazama, bado ni giza," akaendelea kula. Giza lake limechanganyika na taa, na alfajiri ilikwishaingia bila yeye kuiona. Hapo hesabu ndiyo msaada wake, kama saa ilivyo msaada siku ya mawingu.

Lakini hesabu ya nani? Simu zetu hubeba hesabu kadhaa, na kila moja ina digrii yake. Rabita ya Makka imechukua 18 kwa alfajiri na 17 kwa isha. Chuo cha Karachi, 18 kwa zote mbili. Mamlaka ya Misri, 19.5 na 17.5. Ummul Qura ya Saudia, 18.5 kwa alfajiri, na isha dakika 90 baada ya magharibi, au dakika 120 mwezi wa Ramadhani. Jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini, 15 na 15. Kwa Kisumu, tarehe 21 Machi, digrii 19.5 hutoa saa 11:30. Digrii 18 hutoa saa 11:36. Digrii 15 hutoa saa 11:48. Ndizo hizo dakika 12: digrii tatu, kila moja dakika nne. Simu ya mume inahesabu kwa 18, na simu ya mke imekuja na hesabu ya Amerika.

Kule kaskazini ya mbali utusitusi una mambo yake. London, katika usiku wa katikati ya Juni, jua halishuki zaidi ya digrii 15 hivi, kwa hiyo digrii 18 haifikiwi kabisa, na watu wa huko wana dharura yao ya kuijadili. Sisi wa ikweta hatuna dharura hiyo. Kwetu jua hushuka karibu wima. Kutoka kuzama hadi digrii 18 ni dakika kama 69 mwezi wa Machi na Septemba, na kama 75 mwezi wa Juni na Desemba. Hatuna sababu ya kuazima hesabu iliyowekwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Wenzetu wa ikweta wamelifanyia kazi jambo hili. Nchini Indonesia na Malaysia, kwa miaka mingi alfajiri ilihesabiwa kwa digrii 20. Wataalamu wao wakatoka na vipimo vya weusi wa anga, wakazipima alfajiri mahali mbalimbali. Malaysia ikahamia digrii 18 mwaka 2019. Jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia ikafanya hivyo mwaka 2021, na wizara ya dini ya nchi hiyo ikabaki na 20. Tofauti yao ni dakika 8, na hawakuvunjiana misikiti kwa ajili yake.

Basi jibu letu kwa binti wa Obunga ni hili. Digrii 18 ndiyo iliyo na nguvu zaidi kwa nchi zetu, kwa ushahidi wa wanafalaki wa zamani na wa vipimo vya leo. Kwa hesabu hiyo, damu yako ilikatika dakika 4 baada ya alfajiri. Siku ile utailipa, na swala za usiku ule hazikulazimu. Hata hivyo, kwa kuwa dakika 4 ni chache na jambo lina khitilafu, ukiziswali magharibi na isha kwa ihtiyati ni bora, wala hukupoteza kitu. Na siku nyingine, ukijiona umetwahirika kabla ya alfajiri na maji hayako karibu au wakati ni mfinyu, tia nia ya saumu na uanze kufunga. Josho unaweza kulioga baada ya alfajiri, maadamu utawahi swala kabla jua halijachomoza. Wako wanawake wengi walioiacha saumu yao kwa kudhani kuwa josho ni sharti ya kuanza kufunga. Si hivyo.

Kwa nyumba zote za Kisumu, na kwa mama wa pwani wenye watoto huko, nausia mambo manne.

Kwanza, simu iwekwe mji wa Kisumu, si Mombasa wala Nairobi, na njia ya hesabu ichaguliwe yenye digrii 18 kwa alfajiri. Mume na mke wawe na moja. Mama akitaka kumtumia mwanawe ratiba, aitafute iliyoandikwa jina la Kisumu.

Pili, katika daku elemea upande wa mapema, na katika swala elemea upande wa baadaye. Acha kula kwa saa ya digrii 18 au dakika chache kabla yake, kisha swali baada ya kama robo saa, hapo zote mbili zitakuwa zimesalimika. Kifiqihi, mwenye shaka mwisho wa usiku asili yake ni kuwa usiku bado upo. Lakini ikimbainikia kwa yakini kuwa alikula baada ya alfajiri, hulipa siku hiyo.

Tatu, katika futari asili inageuka: mchana bado upo mpaka uwe na yakini au dhana yenye nguvu kuwa jua limezama. Usifuturu kwa adhana ya mji mwingine.

Nne, isha kwetu huingia kwa kutoweka wekundu wa magharibi, na Imamu Abu Hanifa aliuangalia weupe unaobaki baada yake. Kisumu wako majirani wa madhehebu zote mbili. Dakika baina yao zisiwe sababu ya maneno.

Limebaki jambo moja la kuwaomba wazee wa misikiti ya Kisumu. Hesabu ni makisio ya mwanga, na makisio hupimwa kwa kutazama. Wako vijana wanaosoma sayansi Maseno na kwingineko, na kipimo cha weusi wa anga ni kidude cha kushika mkononi. Wapelekwe mahali penye giza, mbali na taa za mji, katika usiku usio na mwezi. Waandike kila dakika, msimu wa mvua na wa kiangazi. Waende nao wanaojua fiqihi. Kazi ya miezi michache itawapa watu wa ziwa ratiba yao wenyewe, na itawaondolea akina mama wasiwasi unaowarudia kila mwezi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzihifadhi nyakati za ibada yetu, na azipokee saumu na swala za mama zetu na mabinti zetu popote walipo. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.